Mume wangu analipia pampu ya kijiji kwa pensheni yetu. Nimkataze?

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 63, mkulima, naishi kijiji kimoja wilayani Kongwa. Mume wangu ana miaka 68. Aliingia jeshini angali kijana, akapigana vita ya Kagera akiwa kwenye mizinga, akarudi salama na kuendelea na utumishi hadi alipostaafu. Tuna watoto watano. Wanne wanajitegemea, wa mwisho yuko chuo Dodoma mjini. Nianze kwa kusema mume wangu si mtu mbaya. Hanywi pombe, hajawahi kuniinulia mkono, na watoto wote amewasomesha. Naandika kwa sababu nampenda, na kwa sababu nimechoka.

Tangu astaafu hajapumzika. Aliporudi kijijini alikuta shule haina vyoo vya maana, akahamasisha watu wakasomba mawe na mchanga mpaka vikajengwa. Akaingizwa kamati ya shule. Mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye mtama wa mtu, wanaitana kwake kabla ya kwenda kwa mtendaji. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anavaa suti na nishani zake anakwenda kuwakumbuka wenzake. Hayo yote najivunia. Miaka hii ya karibuni ndiye mwenyekiti wa chombo cha maji cha kijiji. Tuna kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua na vituo vinne vya kuchotea, ndoo ya lita 20 ni shilingi 50.

Mwaka jana mwezi wa kumi, kiangazi kikali, pampu iliungua. Wanawake wakarudi kufukua mchanga korongoni. Akaunti ya maji ilikuwa na laki nne tu. Mume wangu akaenda benki, akachukua mkopo wa wastaafu, 3,500,000. Ikanunuliwa pampu, waya na mabomba, fundi akashusha, maji yakatoka. Mkutano ulimpigia makofi na vigelegele, wakasema watamrudishia. Hakuna kilichoandikwa. Sasa benki inakata 125,000 kila mwezi kwa miezi 36, na hiyo ni zaidi ya nusu ya pensheni.

Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia naona mwanga tu. Daktari alisema nifanyiwe upasuaji, tukaweka fedha pembeni, lakini pensheni ilipopungua fedha zile zikaenda kwenye ada ya mtoto. Nikasema nitakwenda baada ya mavuno.

Sasa kitongoji cha pili wanataka kisima chao. Nimesikia kwa jirani, si kwake, kwamba amewaahidi eneo kwenye shamba letu la alizeti, na anafikiria kuuza ekari mbili ili achangie uchimbaji. Nilipomuuliza alinijibu jambo lingine kabisa, akatoka. Ndivyo alivyo siku hizi. Nikiwa jikoni nikimsemesha ni kama naongea na ukuta, lakini kwenye mkutano anamsikia kila mtu. Usiku anaamka saa nane, anakwenda hadi kwenye pampu, anarudi alfajiri.

Dada zangu wanasema niende kwa mtendaji nimzuie. Mwanangu mkubwa anasema atakuja alimalize yeye. Naogopa aibu itakayompata baba yao, mtu anayeheshimiwa na wote. Naogopa pia uzee wa kukopa chumvi kwa majirani. Nikimkataza, nitakuwa mke aliyewanyima watu maji? Nikinyamaza, macho yangu yatasubiri mpaka lini?

Mama wa Kongwa (jina tunalo)

JIBU

Shikamoo mama, na pole kwa mzigo huu.

Barua yako inaonyesha mke anayejua thamani ya mume wake. Nikikuelewa sawasawa, hulalamiki kwamba anatumikia kijiji. Umeishi na utumishi wake tangu ukiwa msichana, na vyoo vya shule unavitaja kwa fahari. Kinachokuuma ni kwamba safari hii gharama imelipwa na nyumba yako bila wewe kuulizwa, kisha ukasikia habari ya shamba kwa jirani. Deni, macho yako, shamba, na ukimya wa ndani ya nyumba: kila kimoja kina njia yake, na nadhani ukivishika vyote kwa mkono mmoja utashindwa kuvibeba.

Naomba nianze na ukimya, kwa sababu hapo nina swali. Una hakika kwamba anakusikia?

Mtu aliyekaa na mizinga ujanani mara nyingi huharibika masikio kwa namna ya pekee. Mlipuko huua kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na hali hiyo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Sauti nzito za wanaume mkutanini, watu wakizungumza mmoja mmoja, atazisikia vizuri. Sauti ya mwanamke au mtoto, ikitoka jikoni huku sufuria zinagongana, inamfikia ikiwa nusu. Herufi kama s, f na sh hupotea, na yeye hujaza pengo kwa kubahatisha. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo hujibu jambo ambalo hukumuuliza. Wengi huona aibu kusema "sijasikia", basi huondoka. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mzee wako, yawezekana anakukwepa kweli. Ila kipimo chake ni rahisi: mkae sehemu yenye mwanga, redio ikiwa imezimwa, umtazame usoni, useme polepole bila kupiga kelele, maana kelele huivuruga sauti zaidi. Kisha mwombe akurudishie ulichosema. Akikosea, mwambie mwende hospitali apimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, inasafishwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuamka saa nane, wewe umedhani ni pampu. Huenda ni kweli, pampu iliyoungua mara moja humkosesha mtu usingizi. Lakini askari wengi wa vita ile walirudi na usiku mgumu ambao hawakuwahi kuuzungumza na mtu, na mtu wa aina hiyo hutafuta kazi ya kufanya gizani. Muulize siku moja, si kwa kumshtaki: usiku huwa unawaza nini? Akikujibu, msikilize tu, usiunganishe na habari ya fedha. Akisema usingizi umemkataa kabisa, daktari wa hospitali ya wilaya ndiye wa kuanza naye. Watu hapa Dodoma husikia neno msongo wakafikiri ni lazima mtu apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na hofu hiyo imewanyima wengi msaada mdogo waliouhitaji.

Nauliza hayo kwa sababu nyingine pia. Ikiwa kazi ya kijiji ndiyo inayomshikilia, kumkataza ghafla kutamwacha na saa nyingi tupu na usiku ule ule.

Sasa deni. Umeandika kwamba kijiji kiliahidi kurudisha. Je, kijiji kinajua kinadaiwa kiasi gani? Watu waliopiga makofi mwezi wa kumi, wengine huenda wanaamini kwamba pampu ililipwa na mradi, au kwamba mzee alitoa zawadi. Ahadi ya mkutanini isiyoingia kwenye muhtasari haina wa kuibeba viongozi wakibadilika. Tena hesabu yenyewe ina tofauti ambayo inafaa mkubaliane ninyi wawili kwanza: amekopa 3,500,000, lakini 125,000 mara miezi 36 ni 4,500,000. Kijiji kikirudisha bei ya pampu tu, milioni moja ya riba inabaki mezani kwenu. Mnaweza kuamua kwamba hiyo milioni ndiyo mchango wa familia. Lakini liwe jambo mlilolikubali wote wawili.

Njia ya kudai bila ugomvi ipo. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vipo kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, sheria ile ile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Chombo kina hesabu zake na kinasimamiwa. Kusanyeni risiti ya pampu, ya waya na mabomba, malipo ya fundi, na ratiba ya makato kutoka benki. Mzee awasilishe kwa maandishi kwenye kikao cha chombo, kisha atoke nje wakati wenzake wanajadili, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti na ndiye mdai. Asipotoka, hata deni la haki litanuka. Katibu aandike muhtasari, usainiwe, nakala ifike RUWASA wilayani, na deni lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi ya maji. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hamna haja ya kuitisha wa dharura unaofanana na mashtaka.

Je, maji yanaweza kulipa? Tuseme kila kituo kinauza ndoo 150 kwa siku wakati wa kiangazi. Vituo vinne ni ndoo 600, shilingi 30,000 kwa siku, 900,000 kwa mwezi. Humo wamo wauza maji, mlinzi na matengenezo. Mvua zikianza Desemba watu hukinga maji ya bati na kuchota madimbwini, mauzo hushuka sana. Ndiyo maana marejesho ya kiasi kimoja mwaka mzima huvunjika mwezi wa pili tu wa masika. Mkipendekeza 150,000 kwa mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, na 50,000 kuanzia Desemba hadi Mei, inakuwa 1,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 3,600,000. Tumieni daftari halisi la mauzo, hizi zangu ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu.

Lipo jambo moja hapa ambalo linakuhusu kuliko unavyofikiri. Nini kiliunguza pampu ile? Mwezi wa kumi kiwango cha maji kisimani hushuka, na pampu ikibaki inazunguka bila maji hupata joto na kuungua. Nyingine huliwa na mchanga, au maji huingia kwenye kiungo cha waya kilichofungwa vibaya. Kama fundi alishusha pampu mpya kwenye kina kile kile, bila kifaa cha kuizima maji yakipungua, kiangazi kingine mtarudi benki. Mwulize mzee swali hili. Hilo atalisikia, na atafurahi kwamba umeliuliza. Pia chombo kitenge akiba ya pampu tangu sasa. Pampu ya milioni tatu ikigawanywa kwa miezi 60 ni 50,000 kwa mwezi. Akiba hiyo ndiyo itakayoilinda pensheni yenu siku pampu itakapokufa tena, kwa kuwa itakufa.

Turudi kwako. Mama, umeandika kurasa kuhusu maji na mistari michache kuhusu macho yako. Je, mzee anajua kwamba jicho la kulia linaona mwanga tu? Anajua kwa maneno hayo hayo? Wanawake wengi husema "macho yananisumbua kidogo", kisha wanasikitika mbona hakuna anayeshtuka.

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Jicho linatiwa ganzi, mgonjwa hana haja ya kulala usingizi. Lenzi iliyoingia ukungu inatolewa na kuwekwa ya bandia, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Hupimwa sukari na shinikizo la damu kabla. Hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino inajulikana kwa huduma za macho, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko mjini Dodoma. Gharama inayosahaulika ni ya baadaye: mtu wa kukusindikiza, kurudi kuangaliwa siku inayofuata, dawa ya matone kwa takriban wiki nne, na majuma ambayo hutakiwi kubeba ndoo kichwani, kuinama shambani wala kukaa kwenye moshi wa kuni. Ndiyo maana "baada ya mavuno" si wazo baya, kama ni tarehe ya kweli iliyoandikwa, na kama mmekubaliana nani atapika. Likiwa neno la kusogeza mbele, jua kwamba mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi upasuaji huwa mgumu zaidi, na presha ya jicho inaweza kupanda. Ukipata maumivu makali au wekundu, usisubiri lolote.

Watoto wanne wanajitegemea. Yule mkubwa anayetaka kuja kumaliza jambo, mpe hili la kumaliza: nauli, malazi na mtu wa kukusindikiza. Ana hasira kwa sababu anakupenda, na hasira hiyo ikipata kazi haitamwelekea baba yake. Akija kumsimanga mzee mbele ya majirani, mtapoteza kitu ambacho hamtakirudisha kwa marejesho ya kila mwezi.

Kuhusu shamba, kuna maombi mawili ndani yake na yana uzito tofauti. Kutoa eneo la kisima na tanki ni kipande kidogo, labda hatua ishirini kwa ishirini. Kuuza ekari mbili ni kukata chakula na mafuta ya kila mwaka, na fedha yake inaweza kuzama siku moja. Kisima kirefu huanza na utafiti wa maji ardhini na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Hata baada ya utafiti, shimo linaweza kutoka kavu, au maji yakawa ya chumvi, jambo ambalo watu wa Dodoma wanalijua. Mchimbaji hulipwa hata hivyo. Kwa hiyo kabla ya kujadili kuuza, muulize: utafiti umefanyika? Nani analipa shimo likikosa maji? Mradi wenyewe umeingizwa kwenye mipango ya RUWASA na halmashauri, au ni ahadi ya watu wa kitongoji kwa mtu wanayemwamini?

Dada zako wamekushauri uende kwa mtendaji, na haki unayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Shamba la kijijini linaweza kuandikishwa kwa hati ya haki miliki ya kimila yenye majina yenu wote wawili, na mauziano yanapita halmashauri ya kijiji, ambako unaweza kusema kwamba hujaridhia. Hatari yake unaijua: mtendaji na mzee wanakaa kikao kimoja, na jioni hiyo habari itakuwa kila kilabu. Ukienda baada ya kuzungumza naye akakataa kukusikiliza, utaeleweka. Ukienda kabla, atahisi amevamiwa kwa nyuma. Kati ya hayo mawili yupo mtu wa tatu: mshenga wenu kama yu hai, mchungaji au padri, au mstaafu mwenzake. Wanajeshi huambizana ukweli ambao hawaupokei kwa raia.

Na uenyekiti wenyewe? Anaweza kuendelea kwa sharti moja, kwamba anatoa muda na akili yake, lakini fedha ya nyumba haitoki tena bila ninyi wawili kukaa. Hatari ya njia hiyo ni kiangazi kijacho, pampu ikigoma na wanawake wakimlilia mlangoni. Au aachie taratibu: achague kijana, mwanamke au mwanamume, afanye naye kazi kiangazi kizima, maana matatizo ya kisima huonekana kiangazi. Vinavyokabidhiwa ni vingi: daftari la mauzo, nyaraka za benki na mabadiliko ya watia saini, funguo, vipuri, na kumbukumbu za kisima, yaani kina chake, pampu iliposhushwa, na maji yanaposimama kila msimu. Mara nyingi hayo yote yamo kichwani mwa mtu mmoja. Kuacha ghafla ni njia ya tatu, na inaweza kukupa pumziko wewe, lakini deni lisipoandikwa kabla hajaondoka, itakuwa vigumu kulidai akiwa nje. Wewe ndiye unayemjua. Ipi kati ya hizi anaweza kuiishi, na ipi unaweza kuiishi wewe?

Siku ya kuzungumza, usianze na shamba. Anza na macho, mweleze unachokiona na usichokiona, uso kwa uso, mkiwa wawili. Mwambie pia kile ulichoniandikia mimi kuhusu vyoo vya shule na nishani zake, kwa sababu sina hakika amewahi kukisikia kutoka kwako. Halafu leta hesabu ya deni. Shamba linaweza kusubiri kikao cha pili.

Na mpaka macho yako yatakapotengenezwa, karatasi yoyote ya eneo au mauziano itakayoletwa nyumbani, iwe ya mume wako au ya kijiji, mwombe mwanao wa chuo akusomee yote kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na vipimo na mipaka, kabla hujaweka dole gumba.